Fundi Asiye na Pupa

Kompyuta ikipatwa na hitilafu, mara nyingi yenyewe hukupa njia ya kuitafuta. Unafungua mipangilio, unasoma ujumbe wa kosa, unaendesha programu ya uchunguzi, unafuta, unapakia upya. Lakini ipo hitilafu moja inayoanza kwa kukunyang'anya zana hizo zote: kibodi na kipanya vinapogoma kwa pamoja. Kioo kinawaka, feni inavuma, barua uliyokuwa ukiandika iko mbele ya macho yako, mshale umeganda katikati ya neno. Ni nyumba iliyofungwa na funguo zimebaki ndani. Kompyuta za zamani zilikuwa na ujumbe uliogeuka kichekesho dunia nzima: kibodi haionekani, bonyeza F1 ili uendelee. Ujumbe huo haukuandikwa kwa mzaha, ila umebeba ugumu wote wa kazi ninayotaka kuisifu.

Kazi hii ina mabingwa wake. Utawakuta Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kwenye vibanda vidogo kando ya vyuo na stendi za mabasi, meza imejaa bisibisi, mswaki wa kusugulia, chupa ya spiriti na rundo la nyaya za kila umri. Bisibisi kila mtu anaweza kuinunua. Kinachomtenga bingwa na wenzake ni kwamba haikimbilii. Majaribio yake ameyapanga kwa kipimo cha hasara: lisilopoteza kitu hutangulia, linaloweza kupoteza kazi ya mtu hufuata, na lile linalofuta kila kitu huwa la mwisho kabisa, baada ya mengine yote kushindwa kutoa jibu.

Jaribio la bei rahisi kuliko yote ni swali. "Vilikufa pamoja, dada, au kimoja kilitangulia?" Linaonekana dogo, kumbe limeshapunguza nusu ya kazi. Kipanya kikifa peke yake, mshukiwa ni kipanya: waya uliokatikia shingoni, au betri iliyokwisha. Vikifa vyote viwili dakika moja, si rahisi kuamini kwamba vifaa viwili visivyohusiana vimeafikiana kuharibika kwa zamu moja. Hapo fundi huviacha na kutafuta vinachoshirikiana: chipu inayotawala matundu ya USB, umeme unaoyalisha, programu endeshi (draiva), au, kama ni seti isiyo na waya, kile kipokezi kidogo kimoja kinachovihudumia vyote. Mteja aliyekuwa ameshaanza kuuliza bei ya kibodi mpya ameokolewa fedha zake kabla mashine haijaguswa.

Swali la pili ni kama ile saa ndogo kwenye kona ya kioo inasonga. Ikisonga, mashine inafikiri vizuri, ila haisikii. Ikiwa imesimama, basi kompyuta nzima imeganda na kibodi inasingiziwa. La tatu ndilo gumu kujibiwa kwa ukweli: kabla ya hapo kulitokea nini? Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo? Kuna programu mpya iliyopakiwa? Chai ilimwagika? Chai ya maziwa hufichwa kuliko yote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sukari iliyokauka chini ya vitufe humuumbua aliyeificha mara tu kibodi inapofunguliwa. Kwa hiyo fundi mwenye adabu huuliza bila kumsuta mtu, kwa sababu anajua kwamba aibu ya mteja itamgharimu yeye saa nzima ya kutafuta.

Baada ya maswali huja jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa jinsi lilivyo dogo na lilivyo na akili. Fundi anabonyeza Caps Lock na kuitazama taa yake. Wengi wetu tunadhani kitufe hicho huwasha taa hiyo moja kwa moja, kama swichi ya ukutani. Sivyo. Katika kibodi ya kawaida ya waya, kitufe hupeleka habari kwenye kompyuta, kompyuta huipokea, huamua, kisha hurudisha amri ya kuwasha taa. Kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1981, haikuwa na mazungumzo hayo: kibodi yake ilikuwa msemaji tu na haikuweza kuambiwa kitu. Ni mwaka 1984, ilipotoka ile iliyoitwa PC/AT, ndipo mawasiliano yalipokuwa ya pande mbili na taa hizo zikapata nafasi yake. Basi taa ikiwaka na kuzima kwa utii, fundi amepata ushahidi wa safari nzima ya kwenda na kurudi: waya mzima, tundu zima, umeme upo, na mfumo unasikia. Kosa liko juu zaidi, pengine kwenye programu moja iliyoganda. Taa ikikaa kimya, njia imekatika mahali fulani, nayo sasa inaweza kufuatwa kipande kwa kipande.

Hapo ndipo anapochomoa na kuchomeka, kitendo ambacho wengi hukifanya kama dua. Kwa anayejua kinachotokea ndani, kina maana kamili. Chini ya utaratibu wa USB, uliotolewa mwaka 1996, kifaa hakizungumzi mpaka kiulizwe: kompyuta hukipigia hodi kila baada ya milisekunde chache, nacho hujibu kama kina jambo au hakina. Kikichomolewa na kuchomekwa tena, kinalazimika kujitambulisha upya, kutaja ni kifaa cha aina gani na kupewa anwani. Maelewano yaliyovurugika yanaanza mwanzo. Fundi huhamia pia tundu jingine, la nyuma ya mashine, moja kwa moja bila kupitia kigawio cha matundu. Ila akiona tundu la duara, la zambarau kwa kibodi na la kijani kwa kipanya, mkono wake unasita. Hilo ni la PS/2, asili yake ni IBM mwaka 1987, na halikukusudiwa kuchezewa wakati mashine inawaka. Kifaa kilichochomolewa kinaweza kukataa kurudi mpaka kompyuta iwashwe upya, na mara nyingine hata fyuzi ndogo ya kwenye mazabodi huungua.

Bado mashine haijazimwa. Mfuasi wa pupa angekuwa ameizima tangu mwanzo, na barua ya mteja ingepotea. Bingwa huhakikisha kwanza kama kazi ilihifadhiwa, na kama kuna kibodi nyingine itakayokubali japo kwa dakika moja ili ihifadhiwe. Ikishindikana, hushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, huchomoa waya wa umeme, hutoa betri kama inatoka, kisha hushikilia kitufe hichohicho kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki ndani iishe. Mteja hulalamika kwamba alishaizima na kuiwasha nyumbani mara nyingi bila mafanikio. Anasema kweli, lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kompyuta nyingi hazizimiki kabisa unapozizima. Ili ziwake haraka, huweka kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha kilivyokuwa, pamoja na mkorogo wake. Ajabu yake ni kwamba kuagiza mashine ijiwashe upya husafisha zaidi kuliko kuizima na kwenda kulala.

Inapowaka, fundi haingojei Windows. Anaingia BIOS, programu ya chini kabisa inayoamka kabla ya nyingine zote, na kujaribu mishale ya kibodi. Hapa mpaka unachorwa wazi kati ya vifaa na programu. Kibodi ikifanya kazi ndani ya BIOS na kufa Windows inapoingia, basi plastiki, waya na tundu vimeachiwa huru kwa kukosa ushahidi. Kesi maarufu ya namna hii ni ya Windows 7. Mfumo huo ulitoka mwaka 2009 ukiwa hauna draiva ya USB 3.0. Mwaka 2015 Intel ilileta kizazi cha vichakataji kiitwacho Skylake, ambacho matundu yake yote ya USB yalitegemea kidhibiti kipya. Aliyejaribu kuweka Windows 7 kwenye mashine hizo aliiona kibodi ikitii katika BIOS, kisha ikigoma pamoja na kipanya kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa usakinishaji. Hakuna kilichoharibika. Mfumo wa zamani ulikuwa haujui lugha ya matundu mapya. Dawa ilikuwa kuongeza draiva kwenye flashi ya usakinishaji, au, kama mashine bado ilikuwa na tundu la duara, kufukua kibodi ya PS/2 iliyokuwa ikila vumbi. Ndiyo maana fundi hatupi waya wa zamani.

Wala jambo hili halijapitwa na wakati. Oktoba 2025 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 11 lililoacha kibodi na vipanya vya USB vikifanya kazi kama kawaida ndani ya Windows, lakini vikafa katika mazingira ya uokoaji, yaani pale pale mtu anapokimbilia mfumo ukigoma kuwaka. Marekebisho yalitolewa siku chache baadaye.

Mpaka ule wa BIOS ukionyesha kwamba kosa ni la vifaa, fundi huchomoa kila kitu: printa, taa, feni ndogo ya mezani, simu iliyokuwa ikichajiwa. Tundu la kawaida la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, na kifaa kibovu kikivuta kupita kiasi ulinzi hukata umeme, wakati mwingine kwa matundu jirani pia. Huyamulika matundu yasiyotumika, kwa kuwa pini iliyopinda katika tundu ambalo hakuna mtu anayeligusa inaweza kuyanyamazisha yaliyo mazima. Mombasa, Tanga na Unguja huangalia pia kutu ya upepo wa chumvi, na kila mahali huangalia sisimizi waliofuata makombo. Kisha hurudisha vifaa kimoja kimoja, akijaribu baada ya kila kimoja, mpaka mkosaji ajitaje.

Mara nyingine, hasa inapogoma kibodi peke yake, hakuna mkosaji. Windows ina huduma iitwayo Filter Keys: ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, mashine huuliza kama uiwashe, na ikiwashwa kibodi huanza kupuuza mibonyezo ya harakaharaka. Kwa asiyejua, kibodi imekufa. Kwa mtu ambaye mikono yake hutetemeka, huduma hiyo ndiyo inayomwezesha kuandika. Kitabu kilichoegemea kitufe na kidole kilichobonyeza "ndiyo" bila kusoma vinatosha kumpeleka mwenye kompyuta nzima sokoni kutafuta kibodi. Bingwa hujaribu kubonyeza herufi moja na kuishikilia kidogo. Ikitokea, anacheka, anazima huduma, na kazi imekwisha.

Nguzo ya yote haya ni nidhamu moja: kubadili kitu kimoja, kutazama, kukirudisha, ndipo kubadili kingine. Asiye nayo hubadilisha waya, draiva na tundu kwa mkupuo, akishindwa hupiga Windows upya. Kompyuta inapona, lakini yeye mwenyewe hajui nini kiliiponya, kwa hiyo kesho atakapoletewa nyingine yenye dalili zile zile ataanzia pale pale. Na katika kupona huko, tasnifu na picha za harusi zimekwenda na maji.

Lawama hiyo, hata hivyo, si ya fundi peke yake. Tunaponunua kibodi tunalipa bila manung'uniko, maana tunaondoka na kitu kwenye mfuko. Fundi akituambia kwamba kibodi yetu ni nzima, kwamba tatizo lilikuwa huduma iliyowashwa kwa bahati mbaya na sasa ameizima, tunamuuliza alichofanya ni nini hasa hata adai fedha. Alichofanya ni kuwaondoa washukiwa wote wengine, kwa mpangilio, bila kupoteza faili hata moja. Mteja anayekataa kulipia jibu anamfundisha fundi kuuza vifaa, na fundi huyo atakapojiwa na mteja mwingine, atakuwa ameshalijifunza somo. Tukitaka mafundi wanaouliza kabla ya kufungua, ni lazima bei ya swali iwekwe mezani pamoja na bei ya kibodi, tena iwekwe kwanza.