Nuru ya Karatasi: Turner na Hukumu ya Kazi Yake Mwenyewe

Wahenga wamesema, mwamba ngoma huivutia kwake. Katika sanaa methali hii hupata kinyume chake: msanii hodari aghalabu huwa mkali mno kwa kazi yake mwenyewe, na ukali huo waweza kumpotosha kama vile kujipendelea kunavyompotosha mvivu. Mfano ulio wazi ni wa mchoraji Mwingereza Joseph Mallord William Turner (1775-1851), mwana wa kinyozi wa London, na picha za rangi za maji alizoziacha bila ya kuzimaliza.

Kwanza yafaa kuifahamu tabia ya rangi yenyewe. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mti, kisha ukazimuliwa kwa maji. Nuru yake hutoka katika weupe wa karatasi iliyo chini, na kila tabaka linaloongezwa huipunguza nuru hiyo. Ikitiwa juu ya karatasi iliyolowa, hutambaa na kingo zake huyeyuka kama ukungu. Mshairi aweza kuufuta mshororo mara kumi na msomaji asione alama yoyote. Mchoraji wa rangi za maji hakujaaliwa hivyo. Aweza kupangusa na kukwaruza, lakini karatasi haisahau. Kwa hiyo wepesi wa mkono katika fani hii si uzembe. Ni uamuzi wa kujua nini kiachwe.

Turner aliyajua hayo. Mwaka 1818, akiwa mgeni wa Walter Fawkes huko Yorkshire, alichora manowari ikipakia shehena, kwa asubuhi moja. Mwana wa mwenyeji wake, aliyeshuhudia, alisimulia kwamba Turner aliilowesha karatasi kwa rangi, akaipangua na kuikwaruza kama aliyepandwa na wazimu, mpaka kila kitu kikawa vurugu. Kisha kidogo kidogo merikebu ikajitokeza. Vurugu ilikuwa njia tu, wala si mwisho wa safari.

Lakini ziko karatasi nyingi ambazo aliziacha katika hatua ya mwanzo: mkanda wa buluu, doa la manjano, upeo usio na mstari. A. J. Finberg, katika orodha yake ya mwaka 1909, aliliita fungu moja la karatasi hizo mianzo ya rangi. Turner hakuzionyesha hadharani. Wasia wake ulikusudia taifa lirithi picha zilizokamilika. Ni uamuzi wa kisheria wa mwaka 1856 uliozifanya zote, zilizokamilika na zisizokamilika, kuwa mali ya umma. Maelfu ya karatasi hizo, yaliyohifadhiwa sasa Tate Britain, London, yametufikia bila ya idhini yake.

Hapo ndipo penye mgogoro. Watazamaji wengi wa leo huipenda mianzo hiyo kuliko picha alizozimaliza. Je, ni haki kumsifu msanii kwa kile alichokiona hakijatosha? Wako wasemao kwamba macho yaliyozoea sanaa dhahania ya karne ya 20 hujitazama yenyewe tu katika karatasi hizo. Hoja hiyo ina uzito. Nyingine ni majaribio matupu, na kuisifu kila moja ni kumtukuza mtu kwa kikohozi chake.

Hata hivyo, hukumu ya Turner haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1842 alimkabidhi wakala wake, Thomas Griffith, vielelezo 15 vya mandhari ya Uswisi, vya mkono mwepesi, ili wanunuzi wachague 10 awakamilishie. Idadi hiyo haikutimia. Chema hakikujiuza, naye mwaka uliofuata akatoa vielelezo vingine. Mlima Rigi wa buluu ni miongoni mwa picha zilizotokana na mpango ule. Katika kielelezo, mlima, ziwa na anga vimesimama kwa tabaka chache za rangi. Katika picha iliyokamilika wameongezwa bata wanaoruka na mbwa majini, na mlima umejengwa kwa michirizi midogo isiyohesabika; lakini nuru ya alfajiri haikuzimwa. Huko ndiko kujihakiki kwenye manufaa: kuongeza kinachohitajika bila ya kukiua kilichokwisha kuzaliwa.

Na mianzo isiyokamilishwa hakuichoma. Msanii asiyeionyesha kazi yake wala kuiteketeza ametoa hukumu ya tatu, nayo ni subira. Ameiacha ikauke kwanza, maana hofu ikishika brashi karatasi ingali mbichi huzaa matope. Mtazamaji naye na aige subira hiyo: aupokee mwanzo kama mwanzo, auulize unaahidi nini, na asiufanye kilele kwa sababu tu unampendeza. Hapo atakuwa amemtendea haki Turner mkali na Turner mpole, ambao wote wawili waliishi katika mkono mmoja.