Miligramu 5 za Mafuta Mpakani

Kanuni za Ubora wa Maji ambazo Kenya ilizitoa mwaka 2006 zina jedwali la tano, linaloeleza maji machafu yaweje kabla hayajaingia kwenye bomba la umma. Mstari wa mafuta na grisi una namba mbili. Ni miligramu 10 kwa lita pale maji yanapokwenda kwenye mtambo wa kawaida wa kusafishia, na miligramu 5 pale yanapoishia kwenye mabwawa ya kusafishia. Aliyeandika mstari huo aliyajua mabwawa vizuri sana. Jikoni, nadhani, hakupita.

Fanya hesabu. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi. Ili gramu hizo zienee katika maji hadi zisizidi miligramu 5 kwa kila lita, zinahitaji lita 184,000, yaani madumu 9,200 ya lita 20. Hoteli ndogo inayotumia madumu 20 kwa siku ingekaa mwaka mmoja na miezi mitatu kabla ya kumaliza maji hayo, na katika muda huo wote isiruhusiwe kumwaga zaidi ya lita moja ya mafuta. Anayekaanga kuku na samaki kuanzia asubuhi anaipita lita hiyo mapema mno, hata asipomwaga mafuta kwa makusudi. Yanatoka na sufuria, sahani, karai, supu iliyobaki na vitambaa vya kufutia meza.

Mtego wa mafuta je, hautoshi? Mtego mzuri wa kawaida, unaosafishwa kwa wakati, bado hupitisha maji yenye miligramu nyingi kuliko hizo. Miji mingi ya Marekani iliyoandama mafuta kwa miaka mingi imeweka kikomo cha 100, kwa sababu ndicho kinachofikiwa bila kumlazimisha mwenye mgahawa kujenga maabara nyuma ya jiko. Kenya inadai mara 20 ya ukali huo. Sheria isiyofikika ina tabia moja. Haimkamati yeyote, kwa kuwa ingebidi iwakamate wote.

Na kupima kwenyewe si kazi ndogo. Mafuta hung'ang'ania plastiki, kwa hiyo sampuli huchukuliwa kwa chupa ya kioo, hutiwa asidi, kisha hupelekwa maabara ambako mafuta hutenganishwa na maji kwa kiyeyushi. Huwezi kuchota kidogo kidogo kutwa nzima ukachanganya, maana kila chombo unachomiminia kinabaki na sehemu yake. Unachota mara moja, na majibu yako yanategemea kama mpishi alikuwa anaosha karai la samaki au vikombe vya chai. Bwana afya anayezunguka soko la Busia, pale mpakani mwa Kenya na Uganda, hana mfuko wa namna hiyo.

Pamoja na hayo, ile 5 ina sababu, na kuielewa ndiko kunakoonyesha kitu cha kufanya. Tazama Tororo, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, ambako mabwawa ya aina hiyo yapo. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda linahudumia miji kadhaa yenye mabomba ya maji taka, na ukiacha Kampala na Masaka, ambako kuna mitambo, karibu yote hutegemea mabwawa. Tororo imo. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu, halina hewa, na uchafu mzito huoza chini yake. Juu ya bwawa hilo utando wa mafuta hauleti hasara kubwa. Wahandisi wengine hata wanaupenda, kwa sababu unazuia harufu. Tatizo liko bwawa la pili, lenye kina cha mita moja hadi mbili. Hapo kazi yote inafanywa na mwani wa kijani unaopata jua, ukatoa oksijeni, na bakteria wakaitumia kula uchafu. Hakuna pampu ya hewa wala umeme. Jua ndilo mtambo. Utando mwembamba wa mafuta ukitanda juu, mwanga unapungua, upepo haukorogi maji ipasavyo, na bwawa linaanza kugeuka rangi na kunuka. Mtambo wa mjini una kijiko cha kukwangua mafuta na mashine ya kupuliza hewa. Bwawa halina.

Tena mafuta ni chakula kizito kuliko uchafu mwingine. Gramu moja inahitaji karibu gramu 2.9 za oksijeni ili iishe kabisa, wakati wanga hutosheka na gramu moja na kidogo. Ile lita moja ya awali, basi, inadai karibu kilo 2.7 za oksijeni. Huo ni mzigo unaokaribia ule wa watu 30 kwa siku nzima, wote wakitumia choo, kuoga na kufua.

Buteba iko upande wa Uganda, katika wilaya ya Busia, kwenye eneo lililo kati ya mji wa Busia na Malaba. Hapo maji ya mvua hugawana njia. Mto Malaba huenda Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Mto Sio huteremka Ziwa Victoria. Ndiyo maana nchi hizi mbili zimekuwa zikipanga pamoja bonde la Sio-Malaba-Malakisi, ingawa mito yake haielekei ziwa moja. (Mwenye kupenda ramani atakumbusha kuwa Nile ikitoka Victoria pale Jinja hupita Kyoga vilevile, kwa hiyo mwisho wa yote grisi ya Busia na ya Tororo ni majirani.) Nilichotaka kusema ni kwamba anayeishi Buteba hawezi kusema mafuta ya mjini ni shida ya wenye mabomba. Vituo vyake vya biashara, kama vilivyo vingi vya upande huo, vinaishi kwa vyoo vya shimo, mashimo ya maji machafu na matangi ya chini ya ardhi, na huko mafuta hufanya ubaya wake kwa kasi zaidi. Tangi linajaa utando juu, utando unapita kwenda shimo la kunyonya, vitundu vya udongo vinazibwa, na shimo lililochimbwa lihudumu miaka linaanza kufurika mvua za kwanza tu. Udongo uliozibwa na grisi hauzibuki kwa urahisi. Unachimba shimo jingine, kama kiwanja kinaruhusu.

Utasikia watu wakisema kwamba mafuta ni balaa ya nchi za baridi. London ilipata jiwe lake la mafuta mwaka 2017, chini ya Whitechapel, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na kipande chake kiliwekwa kwenye makumbusho mwaka uliofuata. Sisi tuna joto, mafuta yatatiririka. Hoja hii inaanguka ukiangalia tunachopikia. Mafuta magumu ya kopo na ya pakiti yametengenezwa yasimame wima dukani. Huyeyuka kwenye nyuzi joto thelathini na kitu. Mafuta ya ng'ombe na mbuzi hutaka zaidi ya 40. Maji ndani ya bomba lililofukiwa Busia au Tororo yako ishirini na kitu. Kwa hiyo grisi iliyotoka jikoni ikiwa moto na laini inaganda mita chache baadaye, kwenye chemba ya kwanza au ya pili, mbali kidogo na macho ya aliyeimwaga.

Isitoshe, kuganda kwa baridi ni nusu ya habari. Watafiti wa North Carolina State University nchini Marekani walichunguza mawe yaliyotolewa kwenye mabomba wakakuta mengi si mafuta tena, ni sabuni. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huvunjika na kuwa asidi za mafuta. Asidi hizo zikikutana na kalisiamu, iliyo kwenye maji magumu au inayochuruzika kutoka kwenye zege linaloliwa na gesi ya maji taka, hugeuka sabuni ngumu isiyoyeyuka. Sabuni ya namna hiyo haijali kama nje kuna jua au theluji. Na nani anayekaangia mafuta mara nyingi kutushinda? Mafuta ya hoteli kubwa yakichoka huuzwa kwa mwenye chipsi za kando ya barabara, na huyo akimaliza huyapitisha kwa mwingine. Indonesia iliposimamisha kusafirisha mafuta ya mawese kwa wiki kadhaa kuanzia mwishoni mwa Aprili 2022, huku bei ikiwa tayari juu, kila tone lilizidi kuthaminiwa. Kinachofika kwenye bomba letu ni kidogo kuliko cha London, lakini kimechoka zaidi, na kilichochoka ndicho kinachogeuka sabuni haraka.

Turudi kwenye mtego, maana ndiyo zana pekee iliyo ndani ya uwezo wa fundi wa Busia. Sanduku la matofali na saruji, kizuizi katikati, tii kwenye mdomo wa kutokea ili maji yachukuliwe kutoka chini, kifuniko juu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yataelea. Maji ya chini yatatoka. Kinachosahaulika ni muda. Tone la mafuta lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, katika maji ya nyuzi 25, hupanda sentimita 3 hivi kwa dakika. Kupanda sentimita 60 linahitaji dakika 20. Tone la nusu ya upana huo hupanda polepole mara nne, zaidi ya saa nzima.

Sasa pima sanduku ambalo mafundi wengi wanapenda kujenga, sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Linabeba lita 216 hata likijaa hadi ukingoni. Fungua sinki mbili za lita 50 kwa pamoja, ziishe kwa dakika mbili: lita 50 kwa dakika. Maji yanakaa ndani ya sanduku dakika nne na kidogo. Matone kama hayo yakianzia chini hayawahi kufika juu. Kanuni ya kawaida ya dakika 30 ingedai lita 1,500. Ndiyo maana unakuta mtego uliojengwa vizuri, una kifuniko cha chuma na rangi, na chemba ya mbele yake imejaa grisi vilevile. Sabuni ya maji huzidisha ubaya, kwa sababu kazi yake ni kuyavunja mafuta kuwa matone madogo, na matone madogo ndiyo yasiyopanda. Maji ya moto nayo huyayeyusha yapite.

Hoteli nyingi za soko hazina nafasi ya lita 1,500. Basi kazi ihamie kabla ya sinki. Sufuria ikwanguliwe na kufutwa kwa karatasi au majani ya ndizi kabla ya kuguswa na maji. Mafuta ya karai yamiminwe kwenye dumu, si kwenye mtaro. Supu iliyobaki ipoe, utando wa juu uondolewe. Maji ya kuosha yaachiliwe sinki moja moja, si yote kwa mkupuo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mhandisi, na ninaamini yanapunguza mafuta kuliko sanduku lenyewe.

Hapo ndipo sheria inapoweza kusaidia, kama itaacha kutafuta ile 5 mlangoni mwa jiko. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inataka maji machafu ya biashara yaingizwe kwenye bomba kwa ridhaa ya mtoa huduma tu, na ridhaa inaweza kuja na masharti. Kampuni ya maji na majitaka ya Busia upande wa Kenya ingeweza kuandika masharti yanayoonekana kwa macho: mtego upo, ukubwa wake unalingana na sinki, na mafuta ya juu pamoja na matope ya chini hayajapita robo ya kina. Robo hiyo ni kipimo kinachotumika sana Marekani, na uzuri wake ni kwamba kinapimwa kwa kijiti. Bwana afya anaingia, anafungua kifuniko, anachovya kijiti, anaandika kwenye daftari. Namba 5 ibaki pale inapofaa, kwenye mdomo wa bomba kuu kabla ya bwawa, ambako sampuli moja ya chupa ya kioo inasema kitu kuhusu mji mzima. Uganda katika viwango vyake vya 1999 iliweka 10 kwa maji yanayotolewa mtoni au ardhini, na huko pia kipimo kinahusu mwisho wa safari. Mamlaka za mazingira za nchi zote mbili zinaitwa NEMA, kwa hiyo hata barua ya kunakili haihitaji kubadilishwa sana.

Kilichobaki ni kigumu zaidi: grisi ikishatolewa kwenye mtego, iende wapi? Mafuta ya kwenye dumu yana soko. Watengenezaji wa sabuni wanayachukua, na kampuni ya nishati ya Eni kutoka Italia imekuwa ikikusanya mafuta yaliyotumika kutoka hoteli za Nairobi ili yawe mafuta ya magari na ndege. Grisi ya mtego ni kitu kingine. Ina maji, mchanga, mabaki ya wali na harufu, hakuna anayeinunua. Ikitupwa mtaroni, safari yote imerudiwa kwa jasho zaidi. Inaweza kuchanganywa na maranda na kuozeshwa pamoja na taka za soko, kwa kiasi kidogo. Inaweza kuingizwa kwenye tangi la gesi ya kinyesi cha ng'ombe, na mafuta hutoa gesi nyingi kuliko kinyesi chenyewe, ila ukizidisha, asidi zake zinawalemaza bakteria na tangi linazima kwa wiki kadhaa. Kuanzia kidogo, kuongeza polepole, na kusimama gesi inapoanza kupungua ndiyo njia. Kwa wafugaji wa Buteba wanaoishi kilomita chache kutoka majiko ya mpakani, hiyo ndiyo hesabu ninayoona ina faida. Gharama yake kubwa ni ya kubeba ndoo, na anayestahili kuilipa ni mwenye hoteli, katika ada ileile ya leseni anayolipa kila mwaka.