Baiskeli Itafika Tao, Ilale Wapi?

Njia ya baiskeli ya Kenyatta Avenue inapendeza kwenye picha. Iliwekwa enzi za NMS, ile mamlaka ya Jenerali Badi iliyoshika jiji kuanzia 2020 hadi 2022, pamoja na vijia vipana vya miguu ambavyo, nakubali, vimeifanya tao ipitike. Watu hulalamika kwamba nduthi zimeigeuza njia hiyo steji. Kweli, lakini kasoro kubwa iko kwenye mchoro wenyewe. Aliyeuchora alimwona mwendesha baiskeli kama maji ya mvua, kitu cha kupitishwa haraka kiende kwingine. Hakuwaza kwamba mtu huyu pia anafika. Ana mzigo wa kushusha, ana foleni ya kupanga, ana bosi anayetazama saa. Baiskeli ataiacha wapi? Ataifunga kwenye mlingoti wa taa, kisha ashinde siku nzima roho mkononi.

Gari haliulizwi swali hilo. Kanjo wamelichorea mistari, wanalitoza, wanalilinda kwa namna yao. Na nafasi ya gari moja inatosha baiskeli kama kumi hivi.

Ukienda magharibi mambo yanachanganyika. Ngong Road ina njia ya baiskeli ya kweli, na asubuhi utaona inavyotumika: mafundi, walinzi, vijana wa kuosha magari, wanaelekea Kilimani. Wengi si watu wa kofia ngumu na suruali za kubana. Ni watu wa blackmamba, waliopiga hesabu ya nauli wakaona heri pedali. Lakini Waiyaki Way ni vita. Expressway, kilomita 27, ilifunguliwa 2022 na baiskeli haziruhusiwi kabisa kupanda juu. Chini yake, anayetoka Kangemi anagombania lami na mathree.

Sera ya kaunti ya 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Isome, imeandikwa vizuri. Tatizo la sera nzuri ni kwamba getini hakuna anayeijua.

Mwaka jana nilienda kupeleka kazi kwenye jumba fulani la ofisi Westlands. Beseni la maua lilikuwepo, maegesho ya magari orofa mbili chini, lakini mlinzi akaninyooshea mkono: baiskeli haziingii, kaka, ni amri ya wenye jumba. Nikamuuliza yeye huja na nini. Akacheka, akanionyesha nyuma ya jenereta. Yake ilikuwa imelala huko, imefungwa kwa waya, imefunikwa gunia ili wapangaji wasiione.

Kaunti ikiweza kudai nafasi za magari kwenye ramani ya jumba, inaweza pia kudai vyuma vya kufungia baiskeli, mbele, karibu na mlango. Ni mabomba yaliyokunjwa tu. Fundi wa jua kali Gikomba anayatengeneza kabla ya saa sita.