Haki ya Maneno ya Marejeo

Mjumbe huchukua vitu viwili: ujumbe, na jina la aliyemtuma. Akiufikisha ujumbe akalisahau jina, watu hawajui wauamini kwa kiasi gani. Akitaja jina ambalo silo, amewadhulumu watu wawili, aliyetajwa na aliyesikia. Katika maandishi, kazi hii ya mjumbe hufanywa na mafungu madogo ya maneno ambayo wewe, msomaji, huyatumia kila uandikapo barua rasmi au insha ya Kiingereza: "with reference to", "with regard to", "as regards", "according to". Ni maneno madogo, na kwa udogo wake watu huyadharau. Nia yangu hapa ni kuyapima kwa mizani tatu: ya sarufi, ya maana na ya haki.

Tuanze na sarufi. Kosa moja lililoenea sana ni kuandika "with regards to". Neno "regard" lilitoka katika Kifaransa, na asili ya maana yake ni kutazama. Katika fungu "with regard to" neno hilo ni jina, nalo hukaa katika umoja, kana kwamba tunasema: kwa kulitazama jambo hili. Katika fungu "as regards" neno lilo hilo ni kitendo, na ile herufi "s" ya mwisho ni alama ya nafsi ya tatu, kama ilivyo katika "he sees" au "she comes". Ama "regards" iliyo jina la wingi ni salamu, zile umpelekeazo mjomba au shangazi mwishoni mwa barua. Basi aandikaye "with regards to school fees" ameipelekea karo ya shule salamu. Walio wengi watamwelewa, na wako Waingereza wenyewe wasemao hivyo. Walakini katika maandishi rasmi wahariri na walimu hulihesabu kuwa kosa.

Kosa la pili ni ndugu wa la kwanza, nalo ni "regarding to". Neno "regarding" hujitosheleza, halitaki mkongojo. Lugha yetu yaweza kukufundisha jambo hili. Twasema "kuhusu mtihani", pasipo "na". Lakini twasema "kuhusiana na mtihani", na pasipo "na" neno hilo huanguka. Mtu akiandika "kuhusu na mtihani" sikio lako hushtuka mara moja. Lifundishe sikio lako lishtuke vivyo hivyo usomapo "regarding to", na kadhalika "discuss about", maana "discuss" hukamata jambo lake kwa mikono yake yenyewe.

Kosa la tatu limejificha zaidi. Tazama sentensi hii: "Referring to your letter, the fees have been paid." Nani anayerejelea barua? Kwa kanuni ya Kiingereza, kitendo kilichoanza bila mwenyewe humwendea mtenda wa kwanza atakayetokea mbele, na hapa aliyetokea ni karo. Karo haisomi barua. Katika Kiswahili kosa hili ni gumu kufichika, kwa sababu kitendo chetu aghalabu hubeba mwenyewe mgongoni: "nikirejea barua yako" humtaja mrejeaji kabla hata ya kurejea. Kiingereza chaweza kumwacha nje, na hapana budi mwandishi amtafute. Andika "With reference to your letter", fungu lisilo na kitendo kinachodai mwenyewe. Au andika "I refer to your letter", nawe ukubali kuwa ni wewe.

Sasa tupime maana. Fungu laweza kuwa safi kwa sarufi na likawa mzigo mtupu. Waingereza wenyewe wamelilalamikia jambo hili tangu zamani. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1926, aliyashutumu vikali mafungu marefu yanayofanya kazi ya neno moja. George Orwell alirudia lawama hiyo mwaka 1946 katika insha yake juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Mwaka 1948 Ernest Gowers alitoa kitabu kilichotungwa kwa ombi la Hazina ya Uingereza, ili maofisa wa serikali wafundishwe kuwaandikia raia kwa maneno mepesi. Tafakari hili: serikali iliona kwamba raia asipoielewa barua ya ofisi, haki yake hupotea njiani. Basi ikiwa "about" latosha, ya nini "with regard to"? Fungu refu lina mahali pake, hasa mwanzoni mwa barua inayojibu barua nyingine, au pale tuhamapo kutoka jambo moja kwenda jingine. Likitawanywa kila mstari, huwa vumbi machoni pa msomaji. Hata "refer back" ina kasoro hiyo. Neno "refer" latoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kurudisha; kuliongezea "back" ni kurudisha mara mbili, isipokuwa pale shauri linaporudishwa kweli kwa watu waliolileta.

Imebaki mizani ya haki, nayo ndiyo nzito. Fungu "according to", ambalo sisi twalitamka "kwa mujibu wa", humkabidhi mtu mwingine maneno yaliyo mbele. Ndiyo maana "according to me" haipendezi katika Kiingereza rasmi. Mtu hawi shahidi wa nafsi yake. Akitaka kutoa rai, husema "in my opinion", akaibeba mwenyewe. Sasa chukua mfano huu. Mwalimu amesema darasani kwamba kalamu imepotea. Mwanafunzi anaandika katika taarifa yake: "Kwa mujibu wa mwalimu, kalamu imeibiwa." Sarufi haina doa, maana ni wazi, lakini sentensi ni dhuluma. Mwalimu amefanywa mshitaki, na wanafunzi wote wamefanywa watuhumiwa, kwa maneno ambayo hayakutoka kinywani mwake. Mwalimu wa sarufi hatatia alama nyekundu hapo. Yakupasa uitie wewe.

Si kwa bahati tu kwamba neno "mujibu" na neno "wajibu" hufanana. Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya jambo lililo lazima. Kila usemapo "kwa mujibu wa fulani", umejifunga kwa wajibu: kuwa fulani alisema, kuwa alisema hivyo, na kuwa hukuongeza wala hukupunguza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili, na Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Utaomba kazi, utadai haki, utatoa ushahidi na kuandika taarifa kwa lugha hizi. Basi kabla hujaikunja karatasi, isome tena ukijiuliza: Je, fungu hili limeundwa sawasawa? Je, neno moja halitoshi? Na je, huyu niliyemtaja, akiisoma barua hii, atayakubali maneno yake? Ukishindwa kujibu swali la tatu kwa ndiyo, uzuri wa sarufi hautakuokoa. Rudi kwa mwenye maneno umsikilize upya.