Inchi 35 Chini ya VX: Grenda Kwanza, Springi Baadaye

Land Cruiser mfululizo wa 80, lile ambalo mitaani tunaliita VX, kwa matoleo yake mengi lilitoka kiwandani na tairi za 275/70R16. Ukizipigia hesabu namba hizo unapata kipenyo cha milimita 791, inchi 31 na kidogo. Tairi ambalo wenye magari haya wanalitamani ni 315/75R16. Kila fundi analiita inchi 35, ingawa kwa hesabu ni milimita 879. Tofauti ni milimita 88, na kwa kuwa ekseli inakaa katikati ya gurudumu, ni nusu tu ya tofauti hiyo inayoonekana chini ya difu: sentimita 4.4. Kazi yote ninayoichambua hapa, kukata bati, kufungua difu, kurekebisha usukani na breki, inafanywa kwa ajili ya sentimita nne na ushei.

Hesabu hiyo ni vizuri mtu aielewe kabla hajampelekea fundi gari, kwa sababu wengi huanzia kwenye springi, na springi haziinui difu hata kidogo. Difu iko kwenye ekseli, ekseli imesimama juu ya magurudumu. Ukifunga koili ndefu unainua bodi, injini, abiria na mzigo wa kwenye keria. Jiwe lililokuwa likigonga difu jana litaligonga na leo. Springi ndefu zina kazi moja tu katika mradi huu, kulipa tairi nafasi ya kupanda na kushuka ndani ya madigadi bila kugusa bati. Nafasi hiyo ikipatikana kwa njia nyingine, gari linabaki chini, na gari lililo chini halipinduki ovyo.

Waliolishika jambo hili mapema ni Waiceland. Tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakipanda juu ya barafu kubwa ya Vatnajökull na magari ya kawaida ya dukani, wakiyafunga tairi za inchi 38 na baadaye 44, na kuzipunguza upepo hadi PSI 3 au hata 2 ili zilale juu ya theluji badala ya kuichimba. Mwaka 2007, Toyota Hilux zilizoandaliwa na kampuni ya hukohuko, Arctic Trucks, zilifika kwa tairi za inchi 38 mahali ilipokuwa imepimwa ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 1996, zikiwa na watangazaji wa kipindi cha Top Gear. Ukilitazama gari la namna hiyo kwa ubavuni, utaona kwamba bodi haikuinuliwa sana. Wamekata madigadi, mara nyingine wameisogeza ekseli ya mbele mbele zaidi na ya nyuma nyuma zaidi, kisha wamefunika uwazi wote kwa madigadi mapana ya faiba. Wanapita kwenye miteremko ya pembeni juu ya barafu, hawana ruhusa ya kuwa warefu.

Huku kwetu mambo huenda kinyume. Gari linainuliwa sentimita 10 kwa springi, tairi zinaongeza 4.4, na bodi sasa iko zaidi ya sentimita 14 juu ya mahali mhandisi alipoiweka, huku upana kati ya magurudumu ukibaki uleule wa mita 1.6 hivi. Kisha linapakiwa hema juu ya keria na kuingizwa barabara kuu. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu magari haya hubeba familia.

Kwa tairi la inchi 35, VX haihitaji kuinuliwa zaidi ya sentimita 5. Kilichobaki kinamalizwa na grenda, na grenda haifuati macho. Fundi makini anatoa koili zote, anaishusha bodi mpaka ikae juu ya raba za kugotea, anafunga tairi jipya, kisha anapandisha gurudumu moja kwa jeki na kuliacha la upande wa pili lining'inie, kama gari lifanyavyo likivuka korongo. Hapo anazungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, na kuchora kwa chaki kila mahali tairi linapogusa. Kwa mbele litagusa pembe ya nyuma ya madigadi, karibu na mlango, na plastiki ya ndani. Usukani ukiwa mwisho litakwangua mkono mrefu unaoshika ekseli. Hili la pili halikatwi. Kwenye kifundo cha kila gurudumu la mbele kuna bolti inayozuia usukani usipite kiasi; ukiitoa nje kidogo tairi linaacha kukwangua, na gharama yake ni gari kuhitaji uwanja mpana zaidi linapogeuka. Bila kazi hii ya chaki, fundi anakata pasipohitaji kukatwa na kuliacha bati litakalochana tairi siku gari litakapopinda chasisi porini.

Kuna kosa moja kwenye kukata ambalo linaonekana baada ya mvua mbili tatu. Ukingo wa madigadi ya nyuma una bati mbili, ya nje na ya ndani, zilizoshonwa pamoja kiwandani. Ukikata mshono ule umefungua mfuko. Maji na matope yanaingia katikati ya bati, na kutu inaanzia mahali usipopaona. Lazima bati zikunjwe zikutane tena, zichomelewe mfululizo, zipakwe rangi ya kuzuia kutu na kuzibwa. Wengine huchomelea vidoti tu kisha wakafunika kwa raba pana. Gari lililofanyiwa hivyo huwezi kulijua ukiwa mnunuzi mpaka uingize mkono kwa ndani.

Sasa tuje kwenye zile sentimita 5 za springi, maana nazo zina deni lake. Ekseli ya mbele ya VX imeshikwa na mikono miwili mirefu inayoelekea nyuma kwenye chasisi. Chasisi ikipanda, mikono inalala kwa pembe mpya na kuizungusha ekseli nzima. Kiwandani kifundo cha gurudumu kinaegemea nyuma kwa digrii 3 hivi, pembe ambayo mafundi wa alaimenti wanaiita kasta, na ndiyo inayoufanya usukani urudi katikati wenyewe. Kuinua kwa sentimita 5 kunakula karibu digrii 2 kati ya hizo. Dereva anaisikia kwenye mwendo wa 90: gari linatangatanga, usukani haurudi, lori likikupita unavutwa. Watu hulaumu tairi na kwenda kuzifanyia balansi tena na tena. Dawa ni bushi za mikono zenye tundu lililotobolewa pembeni, zinazoirudisha ekseli kwenye pembe yake, na kwa wanaoinua zaidi, mikono mipya kabisa.

Hata hivyo dawa hiyo ina madhara. Pua ya difu ya mbele imeshikamana na ekseli ileile. Ukiirudisha kasta, pua inainama chini, wakati giaboksi ilishapanda na bodi. Propela ya mbele inapinda kwa ukali zaidi, na kwa VX zenye fowili ya kudumu, ambazo propela hiyo inazunguka muda wote, utasikia mtetemo kuanzia mwendo wa barabara kuu. Kwa hiyo kati ya kasta na propela kuna maafikiano, na hapa ndipo ninapoona faida ya kuinua kidogo. Kwenye sentimita 5 mnaafikiana. Kwenye 10 unanunua propela yenye jointi mbili upande mmoja, na mikono mipya, na bado usukani hauwi kama ulivyokuwa.

Breki ya nyuma nayo inasahaulika karibu kila mahali. VX nyingi zina vali ndogo kwenye chasisi iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti. Gari likipakiwa, bodi inashuka, kijiti kinapinda, vali inaruhusu nguvu zaidi iende breki za nyuma. Ukiinua gari, vali inadhani limekuwa tupu siku zote. Inabana breki za nyuma hata ukiwa na watu saba na mizigo, na za mbele zinabeba kazi peke yake. Marekebisho yake ni kipande cha chuma kinachopandisha ncha ya kijiti kwa kiasi kilekile ekseli ilichoshuka. Ni kazi ndogo na nyepesi, tena haina gharama ya maana, na tairi la inchi 35 linaihitaji zaidi, kwa kuwa gurudumu kubwa linaipa lami mkono mrefu zaidi kwa asilimia 11 wa kushindana na breki. Mipira ya breki iangaliwe pia ekseli ikiwa imening'inia mpaka mwisho. Ikivutika, inabadilishwa kwa mirefu zaidi.

Injini ya VX nyingi za huku ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, farasi 130 hivi. Ni injini ya kuaminika, lakini haina nguvu za kugawa. Difu zake kwa kawaida zina uwiano wa 4.10. Tairi likikua kwa asilimia 11, injini inajikuta kama imefungwa difu ya 3.69. Kwenye lami tambarare hulioni hilo. Kwenye mlima Kitonga utaliona, gia ya tatu ikikataa mahali ambapo zamani ilipanda. Kwenye mawe, hata ukiwa umeweka gia za chini kabisa, gari linashuka kwa kasi kuliko unavyotaka na unalazimika kukanyaga breki ambazo tayari zimeelemewa.

Uwiano wa karibu 4.55 ungerudisha mambo kama yalivyokuwa. Krauni na pinioni zinazofungwa sana kwenye gari hili ni za 4.88, ambazo zinazidi kidogo, na kwa gari linalobeba mzigo porini mimi naona ziada hiyo ni ya haki. Lazima zifungwe mbele na nyuma kwa pamoja. Difu mbili zenye uwiano tofauti zitapigana kupitia propela, na ukiweka loki ya difu ya kati kitu kitakatika. Difu ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma na meno yake yamekatwa kivyake, hivyo ni seti mbili tofauti, na kila moja inapimwa mlegeo wa meno kwa geji na mgusano wake kwa rangi. Fundi asiye na geji ya kupimia asiiguse kazi hii. Difu iliyofungwa kwa kukisia huanza kulia baada ya muda mfupi, na ikishaanza kulia meno yameshaharibika.

Difu zikibaki za 4.10, spidomita inadanganya kwa hatari: inaposoma 50 uko 55 na nusu, na kwenye makazi ya watu trafiki mwenye tochi hatasikiliza habari ya kipenyo cha tairi. Ukifunga 4.88 inadanganya upande wa usalama. Ukiwa 100 kamili itasoma 107.

Kuhusu gurudumu la akiba, mahali pake chini ya nyuma ya gari panabana kwa tairi hili. Pima kabla hujalipia bampa lenye mkono wa kulibebea.

Lakini kuna swali ambalo lingepaswa kuulizwa gari likiwa bado mlangoni mwa gereji: linaenda wapi? Kwenye mchanga na mawe, kama ya Rhino Charge, mashindano ya Kenya yanayofanyika tangu 1989, upana wa 315 ni faida, hasa upepo ukipunguzwa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, upana huo unaelea juu ya utelezi na kulipeleka gari mtaroni, wakati tairi jembamba linapasua na kutafuta ugumu chini. Magari ya watalii yamefanya kazi Serengeti miaka mingi kwa 7.50R16 nyembamba. Kwa mtu wa huko ningemfungia 255/85R16: milimita 840, ongezeko la asilimia 6 tu, sentimita 2.4 chini ya difu, difu za 4.10 zinabaki, na grenda karibu haina kazi.

Aliyechagua 35 na akafanya yote haya, arudi gereji baada ya kilomita 800 hivi za kuendesha taratibu. Mafuta ya difu mpya yanamwagwa na kuwekwa mengine. Kisha fundi alale chini ya gari na spana ya kupimia nguvu akague nati zinazoshika mikono ya usukani kwenye vifundo vya mbele. Bolti zake hulegea kwenye mfululizo wa 80 zikibebeshwa tairi nzito, na ikilegea moja, nyingine zinakatika kwa kufuatana, dereva akiwa mwendoni. Nati hizo zikaguliwe kila gari linapoingia sevisi.