Neno kwa Neno: Juu ya Vitabu vya Msamiati wa Kiingereza kwa Watoto

Katika maduka ya vitabu ya miji yetu, toka Mombasa hata Mbeya, huuzwa vitabu vidogo na karatasi za kubandika ukutani za kuwafundisha watoto maneno ya Kiingereza. Umbo lake ni moja: hapa neno la Kiingereza, kando yake picha, na mbele yake neno moja la Kiswahili lililowekwa kuwa ndilo maana. Watungaji huisifu njia hii kwa wepesi wake. Sisi twataka kuichungua, si kwa kuwadharau, maana kumwandikia mtoto ni kazi ngumu kuliko kumwandikia mtu mzima. Bali kwa sababu twaona kwamba kilicho kifupi kimedhaniwa kuwa chepesi.

Yapasa kwanza kuvipa vitabu hivyo haki yao. Yako maneno mengi ambayo kwayo njia hii haina dosari. "Egg" ni yai, "salt" ni chumvi, "dog" ni mbwa. Mtoto akiisha kuyajua haya hahitaji maelezo zaidi. Tena bei yake ni ndogo, na mzazi asiyejua Kiingereza aweza kumsomesha mwanawe nyumbani. Kama maneno yote yangekuwa ya namna hii, tusingekuwa na la kusema.

Lakini kila lugha huigawa dunia kwa mipaka yake yenyewe. Tuutazame mwili, ambao vitabu hivi hupenda sana kuutaja. Humo "hand" ni mkono, na "arm" pia ni mkono. "Foot" ni mguu, na "leg" pia ni mguu. "Finger" ni kidole, na "toe" vilevile ni kidole. Kwetu sisi mkono ni kitu kimoja toka begani hata ncha za vidole, na mtu akitaka kubagua husema kiganja, au kiwiko, au kigasha. Mwingereza huweka mpaka penye kifundo cha mkono, akavipa vipande viwili majina mawili. Mtoto asomaye orodha huona maneno mawili yenye maana moja, akadhani ya kuwa aweza kuchagua lolote. Ndipo aliyechomwa na mwiba katika wayo husema kwamba ameumia "leg", na mwalimu humsahihisha bila yeye kujua kosa li wapi.

Mahali pengine ni Kiswahili kibaguacho, na Kiingereza kikusanyacho. Twakuta imeandikwa kwamba "rice" ni wali, basi. Mtoto wa Kyela au wa Mwea ajua tangu udogo wake kwamba mpunga huvunwa, mchele hupimwa dukani, na wali huliwa. Siku atakaposoma katika Kiingereza kwamba watu hupanda "rice", atashangaa: wali hupandwaje? Kosa hili halina udhuru, maana wenye kutunga kamusi walikwisha kuliona zamani. Kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939, kazi iliyoongozwa na Frederick Johnson, haikuridhika na neno moja hapo.

Maneno ya sifa na ya matendo yana hatari kubwa zaidi, kwa kuwa picha haiwezi kuyasaidia. "Sharp" huandikwa kuwa kali. Kisu ni kikali, kweli. Lakini kwetu jua nalo ni kali, na mbwa ni mkali, na dawa ni kali, na mwalimu ni mkali. Kwa Kiingereza kila kimoja katika hivi chataka neno lake. "Sweet" huandikwa kuwa tamu, na mtoto husifu nyama kwa neno ambalo Mwingereza huliweka kwa asali na sukari. "Hear" huandikwa kuwa sikia. Nasi twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi, hata njaa twaisikia. Mtoto aandikaye kwa Kiingereza kwamba anaisikia baridi kwa masikio yake hakuwa mvivu, bali amelitii somo alilopewa.

Lakini linalotuhuzunisha kuliko yote ni majina ya jamaa. "Uncle" huandikwa mjomba, na "aunt" huandikwa shangazi. Mjomba ni ndugu wa mama. Ndugu wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na pwani huitwa pia ami. Shangazi ni dada wa baba. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Hizi si tofauti za maneno matupu. Kwa Waluguru na Wayao, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba alikuwa mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake kuliko hata baba yao. Na mahali pengi mtoto ajua ni nani awezaye kutaniwa na ni nani wa kuheshimiwa kwa jina analomwitia. Katika miji yetu leo twasikia "anko" na "anti" kwa watu wote, hata kwa mpita njia. Hatusemi kwamba orodha hizi peke yake ndizo zilizoleta jambo hilo. Twasema kwamba zalisaidia. Hapa hasara haiko katika Kiingereza cha mtoto tu, bali katika Kiswahili chake pia.

Huenda mtu akasema kwamba mtoto atajirekebisha akikua. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nchini Tanzania shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mtoto aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Huko biolojia itamtaka abague mifupa ya "hand" na ya "arm", na jiografia itamweleza kilimo cha "rice". Mwalimu wa masomo hayo hana nafasi ya kurudi nyuma kuiondoa maana iliyokwisha kukaa miaka saba.

Dawa ipo, wala si ngeni. Mwaka 1658 huko Nürnberg kilitolewa kitabu cha picha cha Comenius, Orbis Sensualium Pictus, kwa Kilatini na Kijerumani. Maneno yake hayakusimama pekee. Yalikuwa ndani ya sentensi, na tarakimu ziliunganisha kila neno na sehemu yake ya picha. Mtoto aliona neno laanzia wapi na laishia wapi. Watungaji wetu waweza kufanya vivyo hivyo kwa gharama ndogo. Katika picha ya mkono, wapige mstari penye kifundo. Kwa "rice", wachore shamba, gunia na sahani, na chini ya picha tatu waandike mpunga, mchele, wali. Kwa "sharp", waandike sentensi moja ya kisu, wala wasiandike kali pekee. Kwa "uncle", wayaandike majina yote pamoja: mjomba, baba mkubwa, baba mdogo, ili mtoto ajue kwamba Kiingereza ndicho kilichowachanganya, si kwamba watu hao ni mmoja.

Kitabu cha namna hiyo kitakuwa na maneno machache kuliko vya sasa. Hilo si hasara. Afadhali mtoto ajue maneno mia na mipaka yake kuliko maneno elfu yasiyo na mipaka. Walimu walio miongoni mwa wasomaji wetu wangefanya kazi ya maana kama wangeyaandika makosa wayaonayo katika madaftari, kila moja pamoja na neno la Kiswahili lililolizaa; maana kwa orodha hiyo, mtungaji atajua pa kupiga mstari.