Ghala la Silaha la Mengo

Huko London, manowari Belfast, iliyofunguliwa kwa wageni mwaka 1971, humwonyesha mtazamaji mizinga iliyopakwa rangi na vyumba vya mabaharia vilivyopangwa vizuri. Mengo hakuna manowari; lipo ghala la silaha ndani ya Lubiri, ua wa kasri ya Kabaka.

Majeshi ya serikali yaliuvamia ua huo tarehe 24 Mei 1966. Mutesa II akakimbilia uhamishoni, na Lubiri ikageuzwa kambi. Wakati wa utawala wa Idi Amin ghala hilo lilifanywa gereza. Waongozaji husimulia kwamba maji yaliyotiwa umeme yaliwazuia wafungwa kutoroka. Leo mgeni huona vyumba vitupu vya saruji na maandishi ya mkaa ukutani.

Kwa maoni yangu, utupu huo ndio ubora wake: silaha haisifiwi, na aliyeteswa ndiye anayesikika. Lakini ziara hii yatuachia deni sisi walimu. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, hakuiondoa hofu hiyo. Wala marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, yaliyokifanya lugha rasmi ya pili, hayawezi kuiondoa peke yake.

Ndugu walimu, tukiwapeleka wanafunzi Mengo, insha watakazoandika ziwahusu waliofungwa humo. Kiswahili kilichotumika kuamrisha kitumike pia kushuhudia.